Kilo za majani chai zisipotelee kwenye kompyuta

Mkulima wa Kiptere, Kaunti ya Kericho, hulipwa kwa kilo za majani mabichi. Tuseme akaunti yake ina kilo 40, na siku hiyo watoto wake wawili wamepeleka majani vituo viwili tofauti, mmoja kilo 12, mwingine kilo 9. Taarifa zote mbili zinafika kwenye kompyuta kuu kwa pamoja. Ya kwanza inasoma 40 na kuandika 52. Ya pili, iliyokwisha kusoma ile 40, inaandika 49 juu yake. Kilo 12 zimeyeyuka, na mizani haikukosea hata gramu.

Kosa la namna hii huponyoka majaribio, kwa sababu hutokea mara chache mno. Kinga yake imara iko kwenye lugha yenyewe ya kuandikia programu.

Mizizi ya kinga hiyo iko kwenye hisabati. Mwaka 1945 Samuel Eilenberg na Saunders Mac Lane waliasisi nadharia ya kategoria, hisabati ya jinsi vitu vinavyoungana. Miongo minne baadaye Mwitaliano Eugenio Moggi aliitumia kueleza mwenendo wa programu, na lugha ya Haskell ikalichukua wazo lake. Kisha mwaka 2005 Tim Harris na wenzake wakaonyesha, kwa Haskell, jinsi ya kuandika muamala unaokamilika wote au usiokuwapo kabisa. Taarifa mbili zikigongana, moja huanza upya: inasoma 52, inaandika 61.

Hapo ndipo aina, yaani lebo zinazoonyesha kila sehemu ya programu inaruhusiwa kufanya nini, zinapofanya kazi kubwa. Muamala unaoweza kurudiwa haufai kutuma SMS katikati, maana mkulima angearifiwa mara mbili. Kutuma SMS kumepewa aina nyingine, kwa hiyo kompaila, chombo kinachotafsiri programu kwa ajili ya kompyuta, huikataa programu inayotuma SMS ndani ya muamala kabla haijaanza kutumika. Karani mdanganyifu, bila shaka, hazuiwi na kompaila.

Anayedhani elimu hii ni ya Ulaya tu atazame Addis Ababa, ambako mwaka 2019 kampuni ya IOHK iliwafundisha Haskell wanawake kutoka Ethiopia na Uganda. Kericho ina Chuo Kikuu cha Kabianga, katikati ya mashamba ya chai. Kiwafundishe vijana wake hisabati hii pamoja na uprogramu, na viwanda vya chai viwadai wauzaji wa mifumo waeleze taarifa mbili zikigongana kilo za mkulima hulindwaje.