Bustani ya Nyumbani Kabla ya Masika

Kila masika, kati ya Machi na Mei, kina mama wengi wa Tanga huona miche yao imeoza, wakailaumu mvua. Aghalabu kinachoiua ni maji yaliyotuama mizizini. Basi kabla mvua haijaanza, inua matuta kiasi cha shibiri moja, chimba mfereji wa kutolea maji kuelekea mteremkoni, na uchanganye udongo na samadi iliyooza vyema. Panda matembele na bamia. Nyanya, zishikwazo upesi na ukungu, zingoje kipupwe cha Juni. Yakizidi mavuno, mkumbuke jirani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa alichopanda Muislamu, akala mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka.