Ruzuku ya mbolea iuguze udongo pia

Ruzuku ya mbolea isiendelee kutolewa bila kugharimia pia afya ya udongo. Mfuko wa kilo 50 ulipowekwa kwa Sh2,500 mwaka wa 2023, wakulima wa Kenya walipata nafuu waliyoihitaji sana. Lakini mashamba mengi ya magharibi na Bonde la Ufa yamejaa asidi, na mbolea ya DAP inayotiwa msimu baada ya msimu huizidisha. Katika udongo kama huo fosforasi hunaswa na madini ya alumini na chuma. Mizizi ya mahindi hudumaa, majani yakageuka zambarau, na fedha za umma zikazikwa shambani.

Wapo wanaosema njaa ni ya leo, mazingira yangoje. Hoja hiyo ina uzito, na hatutaki mwenye ekari mbili alipwe ili aache kulima kwa ajili ya mazingira. Ila chokaa ya kupunguza asidi, matuta na miti ya mipakani havimpunguzii chakula. Ndivyo vinavyoifanya mbolea imfae. Wanaosimamia ruzuku wagharimie upimaji wa udongo, watenge fungu la chokaa, na wahakikishe imemfikia mkulima wiki kadhaa kabla ya kupanda.