Fitina Isiyotajwa: Lugha ya Iago katika Othello

Mwanafunzi wa fasihi anapotakiwa kumjadili mhusika mwovu, aghalabu hukimbilia kuorodhesha sifa: ni mjanja, ni mnafiki, ni katili. Kila sifa hutolewa mfano mmoja, na swali likahesabiwa kuwa limejibiwa. Orodha kama hiyo hueleza mhusika alivyo, lakini haielezi jinsi mtunzi alivyomuumba. Katika tamthilia hamna msimulizi wa kutufichulia yaliyomo moyoni mwa mtu. Kwa hivyo, uovu hauna budi kujengwa kwa maneno yenyewe. Iago, mshika bendera wa jemadari Othello katika tamthilia ya William Shakespeare, ni kielelezo bora cha jambo hili.

Othello iliigizwa katika kasri la Whitehall jijini London mwezi wa Novemba mwaka wa 1604. Kisa chake kilitokana na hadithi ya Mwitaliano Giraldi Cinthio iliyochapishwa mwaka wa 1565. Katika hadithi hiyo, mshika bendera hana jina, na chuki yake yatokana na kumpenda mke wa mkubwa wake asimpate. Shakespeare alimpa jina, akaififisha sababu hiyo ya mapenzi, kisha akampa ulimi.

Wengi humwita Iago mwongo. Uongo anao, lakini silaha yake kuu ni sentensi isiyokamilika. Katika onyesho la tatu la sehemu ya tatu, Cassio anaagana na Desdemona na kuondoka kwa haraka. Iago ananong'ona kwamba hakupendezwa na jambo hilo. Akiulizwa amesema nini, anajibu kwamba si kitu. Baadaye anauliza iwapo Cassio alijua habari za uchumba wa Othello. Anapoulizwa sababu ya swali lake, anayarudia maneno ya Othello kama mwangwi, kisha ananyamaza. Hajamshtaki mtu yeyote. Othello mwenyewe ndiye anayelijaza pengo hilo, na mtu hawezi kulishuku wazo analoamini limezaliwa kichwani mwake. Hata onyo dhidi ya wivu linatoka kinywani mwa Iago, naye analitamka kama rafiki mwenye huruma. Uongo wa wazi, kama vile ile ndoto anayodai Cassio aliiota, unakuja baadaye, moto ukiwa umekwisha kushika.

Aidha, Iago hana lugha moja. Kwa Brabantio, baba yake Desdemona, anapiga kelele gizani bila kujitaja jina, akitumia taswira chafu za wanyama ili kuamsha hofu na ubaguzi wa rangi. Kwa Roderigo, anatumia nathari nyepesi na takriri, akimhimiza tena na tena autie mfuko wake fedha, ambazo hatimaye zinamfaidi Iago mwenyewe. Kwa Othello, anasema kwa kusitasita, kana kwamba kila neno linamuuma. Ni katika uzungumzinafsi tu ambapo hadhira inamsikia akipanga hila zake bila kificho. Hapo ndipo kinaya cha tamthilia kinapokita mizizi: hadhira inajua, wahusika hawajui.

Kinaya hicho kinakolezwa na neno moja la Kiingereza, "honest", linalojitokeza tena na tena katika tamthilia, mara nyingi kama sifa ya Iago. Julius Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, akitupa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Atakayeitafsiri Othello atalazimika kuchagua: je, Iago aitwe mkweli, mnyofu au mwaminifu? "Mkweli" huhusu maneno ya mtu, "mnyofu" huhusu mwenendo wake, na "mwaminifu" hubeba pia utiifu wa mtumishi kwa bwana wake. Iago anavunja yote matatu kwa wakati mmoja. Mtafsiri asiyelitambua hilo ataupoteza uti wa mgongo wa kazi hiyo.

Ushahidi mkubwa zaidi, hata hivyo, umo kinywani mwa mhasiriwa. Mbele ya maseneta wa Venisi, Othello anadai hajui kusema vizuri, ilhali mishororo yake ni mipana na yenye utulivu. Kufikia sehemu ya nne, usemi wake umekatika vipande, taswira za wanyama alizozianzisha Iago zimemtoka yeye, na anaanguka na kuzirai. Iago hakuiteka akili ya Othello tu. Ameiteka lugha yake. Orodha ya sifa haiwezi kulionyesha badiliko hilo.

Anayeivunja fitina hiyo ni Emilia, mkewe Iago. Anaamrishwa anyamaze, naye anakataa na kuusema ukweli waziwazi, akamaliza sentensi ambazo mumewe aliziacha nusu. Analipa kwa uhai wake. Iago, baada ya kufichuliwa, anaapa kutotamka neno tena. Mtu aliyeishi kwa ulimi anajifungia katika kimya.

Kwa hivyo, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapaswa kuanza uhakiki wa mhusika mwovu kwa kuuliza anasemaje, anamwambia nani, na ni wapi anapokatiza maneno yake. Sifa zitajitokeza zenyewe. Msomaji aliyezoea kulisikia lile lisilotamkwa jukwaani hatakuwa mwepesi wa kulijaza pengo la mchochezi nje ya jukwaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingi huanza kwa kunong'ona.