Mazishi Tunayachangia, Kipimo Je?

Mwezi uliopita nilipanda basi la usiku kutoka Mombasa hadi Kisii, kisha matatu ya dakika chache mpaka Suneka, kwenda kumpa pole rafiki niliyesoma naye chuoni. Dadake mkubwa alikuwa amefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, akiwa na miaka 44. Mimi nina 43.

Sisi tuliozoea kuzika siku hiyo hiyo huona ajabu namna wenzetu wa Gusii wanavyosubiri. Mwili huwa mochari, jamaa wa Nairobi na wa ughaibuni wanangojewa, na kila jioni kuna kikao cha harambee. Nilikaa siku nne nikasikia hesabu ikisomwa: mochari, jeneza, gari, hema, ng'ombe, picha. Ilipita laki mbili, na ilipatikana yote. Sisemi hivi kuwacheka, kwa maana hata sisi arobaini na hitima zetu zina gharama zake. Nasema kwa sababu marehemu, kwa maneno ya mdogo wake, hakuwahi kupimwa hata mara moja mpaka siku alipoanza kutokwa na damu bila mpango. Na hapo maradhi yalikuwa yameshatangulia mbali.

Siku ya pili nilikuwa nyuma ya nyumba na akina mama tukimenya ndizi. Mvua ya saa tisa ilikuwa imeanza, ile mvua ya Kisii isiyokosa, tukasongamana chini ya bati. Nikauliza swali ambalo huulizwi ukaulizika vizuri mbele ya wanaume: hapa ni nani aliyewahi kupimwa? Tulikuwa kumi na moja. Wawili walisema ndiyo.

Mmoja wa waliobaki alisema alikwenda mara mbili. Ya kwanza nesi aliyefunzwa kazi hiyo alikuwa likizoni, ya pili gesi ya kugandishia uvimbe ilikuwa imekwisha. Kila safari ilimla nauli ya boda na siku nzima ya shamba, basi ya tatu hakwenda. Mwingine alifika mpaka mlangoni, akakuta mhudumu ni kijana aliyesoma darasa moja na mwanawe, akageuza akasema amekuja kuchukua dawa ya kichwa. Tukacheka, lakini nani kati yetu angefanya tofauti?

Aliyenikaa moyoni ni mama mmoja mtu mzima, ambaye wenzake walimwita omong'ina. Aliniuliza: "Nikipimwa nikaambiwa ninayo, pesa ya kutibiwa iko wapi? Si bora nisijue nilime shamba langu kwa amani?"

Wataalamu wetu hupenda kuliita hilo ujinga, kwamba kina mama hawana elimu na kwa hiyo wafanyiwe uhamasisho, wapewe fulana na vipeperushi. Mimi sikuona ujinga pale. Mama huyo amewaona majirani wakiuza ng'ombe na kipande cha shamba ili mgonjwa apelekwe Eldoret au Nairobi, kisha wakamzika vilevile. Amepiga hesabu yake akaona kwamba habari mbaya isiyokuwa na dawa ni mzigo tu. Hesabu hiyo ni sawa. Kasoro ni kwamba hakuna aliyemwambia kwamba maradhi haya hayaanzi kama saratani.

Hapo ndipo pa kueleza. Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote husababishwa na virusi vya HPV. Kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 tangu virusi kuingia mpaka saratani kutokea, na kwa mwenye kinga dhaifu huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Anayeishi na HIV ana hatari mara sita zaidi. Katika miaka hiyo yote kuna alama zinazoonekana, na zikiondolewa mapema, saratani haiji. Nesi hupaka siki nyepesi, akangoja kama dakika moja, na sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Sehemu hiyo hugandishwa kwa gesi au huchomwa kwa kifaa kidogo cha joto, dakika chache, na mama akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hakuna Eldoret wala ng'ombe wa kuuza.

Kule Mumbai, India, watafiti wa hospitali ya Tata Memorial walifuatilia wanawake wapatao laki moja na nusu katika mitaa ya kimaskini. Waliopimwa kwa siki, na wanawake wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo, vifo vyao vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 31. Kwa siki!

Sasa tazama upande wetu. Makadirio ya mwaka 2020 yalisema zaidi ya wanawake 5,200 wa Kenya hupatwa na saratani hii kwa mwaka, na zaidi ya 3,200 hufa. Hao ni karibu tisa kila siku. Duniani walikufa kama 350,000 mwaka 2022, na 94 katika kila mia walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipanga kwamba ifikapo 2030 wanawake 70 kati ya 100 wawe wamepimwa wakiwa na miaka 35, na tena wakifika 45. Utafiti wa serikali yetu wa 2015 ulikuta kwamba kati ya wenye umri wa miaka 30 hadi 49, waliowahi kupimwa hawakufika hata 17 kwa mia. Pale chini ya bati Suneka tulikuwa wawili kwa kumi na moja, na mimi nikiwa katika wale tisa.

Ndiyo, nami. Naandika habari za afya na sikuwahi kupimwa.

Barabara ile ile inayopita Suneka ukiifuata inakufikisha Migori, na huko jibu moja lilishajaribiwa. Watafiti walizigawa jamii makundi mawili. Kundi moja wanawake waliambiwa waende zahanati, jingine kipimo kililetwa karibu nao kijijini, na mwanamke akajichukulia mwenyewe sampuli kwa kijiti cha pamba, faraghani, bila mtu kumtazama. Kule zahanati walijitokeza asilimia 37, kule kijijini asilimia 60. Haya ya yule mama aliyekimbia kijana wa darasa la mwanawe ingeishia hapo. Lakini utafiti huo huo ulionyesha pengo la pili: katika waliokutwa na virusi, chini ya nusu ndio waliofika kupata matibabu, kwa kuwa matibabu yalibaki hospitalini. Tukileta kijiti kijijini na tiba tukaiacha mjini, tutamrudisha omong'ina kwenye hesabu yake.

Serikali itasema kuna SHA. Tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF, na huduma za zahanati na vituo vya afya zatakiwa kuwa bila malipo. Ya juu ya hapo lazima uwe umelipa, na ilipoanza, asiye na mshahara alitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Muuza ndizi wa soko la Suneka, kama mvuvi wa Vanga, hapati pesa kwa mkupuo. Tena Septemba 2023 Rais aliwatuma wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Mikoba hiyo inafika mpaka mlangoni. Kijiti cha pamba kingekosa nafasi humo?

Na sisi Pwani tusijitoe. Chanjo ya HPV kwa mabinti wa miaka 10 ilizinduliwa papa hapa Mombasa Oktoba 2019, na wengi wetu tukarushiana ujumbe kwamba ni ya kufunga uzazi. Wapo wanaosema, "Sisi wake za watu tumetulia, hayo ni maradhi ya wahuni." Virusi hivi hukaa kimya miaka. Mke aliyetulia anaweza kuwa amevipata kwa mumewe, na mumewe kabla hajamjua. Katika ndoa za wake wawili au watatu hesabu ndiyo inazidi, na hilo si tusi kwa mtu.

Kuhusu haya, haya ni katika imani, wala sitaki tuivue. Lakini masheikh wetu wanajua kwamba tiba ni dharura inayoruhusu kilichozuiwa, na mwanamke atazamwe na mwanamke mwenzake akipatikana. Basi apatikane. Sijasikia hotuba ya Ijumaa ikiidai kaunti nesi mwanamke wa kazi hii katika kila zahanati, na ningependa kuisikia kabla ya uchaguzi, maana baada yake hakuna atakayetusikiliza.

Niliporudi nilikwenda kituo kimoja kisicho mbali na kwangu. Nikaambiwa anayepima huja Alhamisi tu. Alhamisi nikangoja saa tatu kwenye benchi la akina mama wa kliniki, mmoja akiniuliza mimba yangu ina miezi mingapi. Nesi alikuwa dada mpole, akavuta pazia, na kazi yenyewe haikufika dakika kumi. Niko salama, Alhamdulillahi.

Jioni nilimpigia shangazi yangu wa Likoni, ana miaka 49. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nesi ni mwanamke kweli. Nikamwambia ni mwanamke. Alhamisi hii twende, akasema, lakini nyumbani tuseme tunakwenda sokoni.