Alama ya shule ichorwe, isipigwe picha



Ile alama tuliyoweka kwenye ukurasa wa shule katika intaneti, mimi naona tulikosea. Tuliipiga picha ukutani. Ikakuwa megabaiti 3, na muzazi mwenye telefoni ndogo anamaliza mega zake mbele aone jina la shule. Akiikuza, ni ukungu tu.

Alama inaomba mistari. Tuichore katika Inkscape, programu ya bure tangu 2003. Illustrator ni ya kulipa, tuiache. Mustari unaandikwa kama hesabu, njo maana ukiukuza mara kumi hauharibiki, na SVG nzima inaweza kuwa kilobaiti chache.

Lakini kubandika ile picha ndani ya SVG ni kujidanganya: uzito unaongezeka karibu theluthi moja! Na maandishi tuyageuze kuwa mistari, kama sivyo telefoni isiyo na herufi zetu itaweka zake. Kisha kuhifadhi kwa SVG ya kawaida.

Wenzangu wa la sita wanasema Mutihani wa Serikali unakaribia. Ni kweli. Hata hivyo ni kazi ya siku ya posho mbili, kama jenereta inawaka. Mimi nitachora musalaba. Nani atachukua kitabu?