Matatu: Mkombozi Aliyegeuka Bwana

Simama stegi yoyote ya Nairobi asubuhi utamsikia makanga akipaza sauti, "Beba, beba! Hamsini tao!" Mvua ikidondoka kidogo tu, hamsini inageuka mia. Mwanafunzi naye huambiwa, "Wewe ngoja ya nyuma."

Mambo haya hayakuanza jana. Mabasi ya kampuni ya kigeni yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka wa 1934. Kwa miaka mingi Kenya Bus Services ilikuwa na kibali cha pekee cha baraza la jiji. Baada ya uhuru watu walimiminika mjini, na basi halikufika kila mtaa. Hapo ndipo wenye vijigari vikuukuu walipojitosa kazini bila leseni. Nauli ilikuwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za kumi kumi, na ndiko lilikotoka jina matatu. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu. Kwa hivyo tusiwatukane bure wenye matatu. Walitubeba tulipokuwa hatuna wa kutubeba.

Lakini je, wema wa jana ni leseni ya kutudhulumu leo? La, hasha! Serikali ilileta mabasi ya Nyayo mwaka wa 1986, usimamizi mbaya ukayaua katika miaka ya tisini. Tukabaki mikononi mwa biashara, na biashara hutazama mfuko kwanza, abiria baadaye.

Kuna watakaosema kwamba matatu hazirekebishiki. Si kweli. Mwaka wa 2004 Waziri John Michuki aliposhikilia sheria, wenye magari waligoma na watu wakatembea kwa miguu, lakini yeye hakurudi nyuma. Mikanda ikafungwa, makanga wakavaa sare, kila abiria akapata kiti chake. Utaratibu ule ulififia kwa nini? Askari walilegea, nasi tukalegea. Tukiambiwa "songa kidogo," tunasonga!

Maoni yangu ni haya. Nauli iandikwe mlangoni, iwe ile ile jua liwake au mvua inyeshe. Jiji nalo liwe na mabasi yake, yaendeshwe na watu wanaotoa hesabu kwa wananchi. Nasi abiria tujifunze kukataa. Anayekubali kupakiwa kama gunia asishangae akishushwa kama gunia.