Swali la Mwanafunzi Si Utovu wa Adabu



Kijana mmoja wa parokia, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, alirudi likizo akahudhuria kikao cha viongozi wa walei. Mama mjane alikuwa amefariki akiwa na deni la michango ya jumuiya. Wengi waliamua kwamba azikwe pasipo Misa ili wengine wapate fundisho. Kijana akaomba ruhusa, akauliza: “Fundisho hilo tunampa nani? Aliyekufa hasikii. Waliobaki watajifunza tu kwamba Mungu wetu anatunza daftari la madeni.” Mzee mmoja akamjibu: “Mwanangu, hiyo ni falsafa ya chuo. Hapa ni kanisani.” Watu wakacheka, kijana akaketi. Nami, padre niliyesomeshwa falsafa seminarini, nilinyamaza. Mama yule akazikwa bila Misa.

Naandika kukiri kwamba kijana alikuwa na haki, nasi tulikosa.

Kwanza, tulilidharau neno tusilolielewa. Falsafa, kwa asili yake ya Kigiriki, ni kupenda hekima. Sokrate wa Athene hakuwa na darasa. Aliwauliza mafundi, washairi na wakuu wa mji, hadharani, maana ya haki na ya wema. Mwaka 399 kabla ya Kristo alihukumiwa kifo kwa mashtaka ya kutoiheshimu miungu ya mji na kuwapotosha vijana. Je, kicheko chetu kikaoni hakikuwa ndugu wa hukumu ile?

Wala tusiseme kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, akiwa mwanafunzi Makerere katika miaka ya 1940, aliandika insha juu ya hali ya wanawake akitumia mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill. Kitabu cha mbali kilimsaidia kuyatazama upya maisha ya akina mama wa kwao, waliotaabika katika nyumba za wake wengi kama ile aliyozaliwa yeye mwenyewe. Fikra ya mwanafunzi ikigusa jiko, shamba na kaburi la jirani, hiyo si ndoto ya vitabuni.

Pili, Kanisa lenyewe linamtetea kijana huyu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 212, inawapa waamini haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao kwa heshima juu ya mambo yahusuyo mema ya Kanisa. Kanuni ya 1181 inaonya, kuhusu sadaka za mazishi, kusiwe na upendeleo wala maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Kijana hakuzijua kanuni hizo. Mimi nilizijua.

Najua mtajibu: “Padre, tukilegeza, hakuna atakayechanga.” Michango ni wajibu wa haki, na kanisa haliendeshwi kwa upepo. Lakini nauliza: ni nani kati yetu aliyekwenda kwa mama yule, angali hai, kumwuliza kwa nini halipi? Jumuiya Ndogo Ndogo zilianzishwa ili jirani amjue jirani. Jumuiya inayojua deni la mtu pasipo kujua njaa yake imekuwa ofisi ya kodi. Na tunayemwadhibu kaburini hawezi tena kulipa wala kutubu; tunawaadhibu yatima wake.

Nanyi wanafunzi, msishangilie upesi. Oktoba 1966 wanafunzi, wengi wao wa chuo kikuu, waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao ya kwanza. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu aweza kuona kwamba adhabu ile ilizidi, lakini swali lake halikwepeki: msomi anamdai nini mkulima aliyemsomesha, naye anamrudishia nini? Anayehoji daftari la jumuiya na ajihoji pia juu ya mtihani anaounakili na rushwa anayoiita chai. Mtu asiyejiuliza mwenyewe hana falsafa. Ana kelele tu.

Basi, viongozi wa walei, nawaomba mambo mawili kabla ya kikao kijacho. Mwamini yeyote asinyimwe mazishi ya Kikristo kwa sababu ya deni. Na anayechelewa michango atembelewe nyumbani kwake, angali hai. Na siku kijana atakaposimama tena kuuliza “kwa nini?”, apewe jibu au aombwe radhi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ujinga wetu ulikuwa kucheka.

Mimi nimekwisha kwenda kumwomba radhi kijana yule, na watoto wa marehemu pia. Amani ya Kristo iwe nanyi.